Mwenyeji Asiye na Cheti

Mke wangu ni mzaliwa wa Malawi. Kwa miaka ishirini na mitatu tuliyoishi pamoja hapa Makole sijamwona akipoteza karatasi hata moja. Anayo kadi ya kliniki aliyopimiwa uzito akiwa mchanga. Anazo ripoti zake za shule ya msingi, darasa kwa darasa, pamoja na maneno makali ya mwalimu wake wa hesabu. Vibali vyake vya kuishi nchini amevipanga kwa miaka ndani ya faili la kijani lenye vifuko vya nailoni, na faili hilo linakaa juu ya kabati la nguo, limefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe.

Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa na kazi yangu ni masijala, yaani chumba cha mafaili katika ofisi ya serikali. Barua ikiingia naipiga mhuri, naiandikia namba, naiweka kwenye faili lake, faili linapanda kwa wakubwa, linashuka, nalirudisha kwenye rafu. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Mtumishi akija kulalamika kwamba wenzake wamepandishwa daraja yeye ameachwa, mimi ndiye ninayemfungulia faili na kumwambia, kwa sauti ambayo najua inaudhi, "Ndugu yangu, huna nakala ya cheti cha kuzaliwa humu. Unategemea nini?"

Cha kwangu sikuwa nacho. Niliajiriwa zamani, wakati cheti cha shule na barua ya kijiji vilitosha, na kwa kuwa mwenye ufunguo wa masijala ni mimi, hakuna aliyewahi kunifungulia faili langu.

Jioni moja mke wangu aliweka sahani mezani na kusema, "Baba, nimeamua. Naomba uraia."

"Baada ya miaka yote hii?"

"Kila uchaguzi mnavaa vizuri mnakwenda kupiga kura, mimi nabaki na kuku. Nimechoka kubaki na kuku."

Nilimwambia ni wazo jema na asiwe na wasiwasi, mambo ya karatasi aniachie mimi. Aliitikia kwa upole, akaenda kushusha faili la kijani.

Kwa muda wa miezi miwili nyumba yetu iligeuka chumba cha usaili. Nilijipa cheo cha ofisa. Baada ya chakula nilivaa miwani, nikakaa mwisho wa meza, naye akakaa mbele yangu, mikono mapajani, na watoto wetu wawili wa kike waliokuwa likizo kutoka chuoni wakawa wanapita pita makusudi ili wacheke.

"Ngao ya taifa ina nini?" niliuliza.

"Mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu. Wamesimama juu ya mlima Kilimanjaro. Miguuni kwa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni kwa mwanamke kuna mpamba."

Barua zenye ngao hiyo zimepita mikononi mwangu kila siku ya kazi, na siku zote nilidhani pale chini ni majani tu.

"Una uhakika na huo mpamba?"

"Angalia."

Nilitoa barua mkobani nikaisogeza kwenye taa. "Sahihi," nilisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anajua. Binti yetu mkubwa alikimbilia jikoni, na kicheko chake tukakisikia huko.

Mambo yalikwenda hivyo hivyo. Nilimuuliza muswada unapitia hatua gani hadi kuwa sheria, akanieleza. Nilimuuliza tofauti ya mtendaji wa kata na diwani, akanieleza, kisha akaniuliza mimi jina la diwani wetu. Nikasema ofisa haulizwi maswali.

Utaratibu ulitaka tangazo litolewe gazetini, kwamba mtu fulani anaomba uraia na mwenye sababu ya kupinga aiandike. Siku lilipotoka, jirani yetu, fundi wa magari, aligonga mlango kabla sijavaa viatu vya kazini. Gazeti alikuwa amelikunja kwapani kama mtu aliyebeba siri.

"Kaka, pole sana," alisema kwa sauti ya chini. "Shemeji amefanya nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akashangaa upya. "Kumbe shemeji si wa hapa? Mimi nilijua ni mtu wa Mbeya." Alikuwa ameishi ukuta kwa ukuta nasi miaka kumi na minne. Mwenyekiti wa mtaa naye, alipokuwa akiandika barua ya utambulisho, aliinua kalamu na kusema huyu mama ndiye katibu wa kikundi chetu cha kuzikana, daftari la wanachama lote liko kwake, sasa mnataka nimtambulishe kwa nani?

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa tayari: barua, wadhamini, picha, hati ya ndoa, pasipoti. Jumapili moja alasiri mke wangu alipitia orodha kwa penseli, akaweka alama ya vyema moja baada ya nyingine, mpaka akafika mwisho.

"Imebaki moja tu," alisema.

"Ipi?"

"Nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mume."

Alinitazama, nami nikatazama kabati.

Nilipanda basi la Mpwapwa Ijumaa iliyofuata, nikiwa na imani kubwa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Ningepata uthibitisho wa ubatizo kanisani kijijini kwetu, ningeupeleka wilayani, ningeandikishwa. Kutoka stendi nilichukua bodaboda, na kufika kanisani nikamkuta katekista, mzee mpole mwenye koti linalomzidi, akafungua kabati la chuma na kutoa daftari la ubatizo lililoliwa na mchwa pembeni. Nilimpa jina langu, jina la baba na jina la mama. Alitembeza kidole ukurasa hadi ukurasa.

"Huyu hapa," alisema, nikashusha pumzi. Kisha akalibeba daftari hadi dirishani, akaliinamia. "Lakini pembeni pana msalaba. Pameandikwa 'amefariki'."

"Nani?"

"Wewe."

Akarudia kusoma polepole, jina langu, baba yangu, mama yangu, kijiji chetu, msalaba. Hati ilikuwa nzuri, ya mtu aliyefundishwa kuandika kwa kalamu ya wino. Katekista alifunga daftari, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu wa karibu ninayeweza kukaa naye kidogo, kama vile ndiyo kwanza ananiletea habari ya msiba.

Ndugu wa karibu alikuwa shangazi yangu, dada wa mwisho wa baba, ambaye bado anaishi mwendo wa nusu saa kutoka kanisani. Nilimkuta kibarazani anamenya karanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mbukwenyi," aliitikia, akiongeza salamu ya Kigogo. "Mbona huna mzigo? Hukuleta hata sukari?"

Sukari nilikuwa nayo kwenye mkoba, nikampa. Nikamweleza safari yangu na kilichosomwa kanisani. Nilikuwa nacheka wakati nikieleza, nikitegemea acheke. Hakucheka. Aliendelea kumenya.

"Huyo siyo wewe," alisema. "Huyo ni kaka yako."

"Kaka yupi?"

"Wa kwanza. Alizaliwa kule kwa zamani, kabla serikali haijatuhamishia huku kijijini. Alikufa kabla hajajua kuhesabu mbuzi. Wewe ukazaliwa miaka mitatu baada ya kuzaliwa kwake, baba yako akasema mtoto amerudi, akakupa jina lake."

"Na kadi ya ubatizo niliyoandikishiwa shule nikiwa mdogo?"

"Ilikuwa yake. Shule walitaka kadi. Kadi ilikuwepo, mtoto alikuwepo. Baba yako angefanyaje?"

Nilimuuliza mimi nilibatizwa lini. Alisimamisha mikono, akafikiri kwa uaminifu wote. Alisema mwaka ule mchungaji alitazamiwa akachelewa, halafu kukawa na njaa, halafu kila mtu akadhani mwingine ameshughulikia. Mimi ni mzee wa kanisa. Kila mwezi ndiye ninayewasimamia wazazi wanaoleta watoto, na nimewahi kumrudisha mama mmoja nyumbani kwa sababu hakuja na karatasi.

Kwenye basi la kurudi nilipiga hesabu. Siku zangu zote za kuzaliwa zilikuwa za mtu mwingine. Tarehe iliyoko kwenye kitambulisho changu, kwenye hati ya ndoa, kwenye faili langu kazini, ilikuwa ya mtoto wa kule kwa zamani. Mimi nilikuwa mdogo kwa miaka mitatu kuliko nilivyojijua. Kwa kweli ni habari ambayo mtu wa umri wangu angeipokea kwa shangwe, ila kazini tarehe ya kuzaliwa uliyoandika siku ya kuajiriwa ndiyo hiyo hiyo. Waraka unaosema hivyo niliusambaza mwenyewe. Nitastaafu katika umri wa kaka yangu.

Kufika Kongwa nilikuwa nimeamua kunyamaza. Ningesema daftari limeliwa na mchwa, jambo ambalo kwa sehemu lilikuwa kweli. Ningetafuta njia nyingine.

Mke wangu alinipokea na maji ya kunawa na swali moja. "Umekipata?"

"Mchwa wamekula."

"Wamekula jina lako tu?"

Sijui kudanganya mbele yake. Nilimwambia yote. Alisikiliza amesimama, jagi la maji mkononi, na nilipomaliza akaliweka chini.

"Kwa hiyo mimi nimeolewa na nani?"

"Na mimi. Na nani mwingine?"

"Hati ya ndoa ina tarehe ya marehemu."

"Mama, ni tarehe tu. Hakuna anayejua. Tutaapa kwamba cheti hakijawahi kuwepo, tarehe ile ile iendelee, basi."

"Mimi naenda kuapa mbele ya watu kwamba nitakuwa mwaminifu kwa nchi hii," alisema, "na wewe umekaa pembeni yangu na kadi ya marehemu. Haiwezekani."

Hakugomba. Laiti angegomba. Alilishusha faili la kijani, akaliweka mezani kati yetu, akaenda kulala. Jumapili tulikwenda kanisani tukarudi bila kuzungumza, na jioni, wakati nachambua mchele ili nionekane nina shughuli, aliniuliza, "Alikufa kwa nini?"

"Nani?"

"Kaka yako."

Nilisimamisha mikono kama shangazi. Nilikuwa nimeuliza habari za kadi, za ubatizo, za tarehe. Hilo sikuwa nimeliuliza.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili. Tulimchukua wakili mmoja kijana kutoka Mpwapwa mjini aandike kiapo cha shangazi, kwa kuwa alikuwa ndiye mtu pekee aliye hai aliyekuwepo nilipozaliwa. Shangazi alifurahi kupita kiasi. Alivaa kitenge kipya, akamwambia wakili aandike pia kwamba nilikuwa mtoto wa kulialia. Wakili alisema hilo halina ulazima kisheria. Shangazi akasema basi hasaini. Liliandikwa. Hadi leo kuna waraka wenye mhuri unaothibitisha kwamba nilikuwa mtoto wa kulialia.

Alipokwisha kuweka dole gumba, mke wangu alipiga goti karibu naye. "Shangazi, yule wa kwanza aliumwa nini?"

"Surua, mkwe wangu. Ilipita nyumba hadi nyumba. Mama yake alimbeba mgongoni kwenda zahanati, na zahanati ilikuwa mbali. Alirudi amembeba vile vile." Alijifuta vidole kwenye kitenge. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Alituelekeza alikozikwa, huko kwenye mahame yao ya zamani, na mjukuu wake wa kike, mama wa watoto watatu, akatuongoza. Tulitembea karibu saa nzima. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na kaburi lenye alama, palikuwa na shamba la alizeti na mawe matatu ya mafiga yaliyozama nusu. Mjukuu huyo alionyesha kwa mkono eneo lote, akasema, "Ni humu humu."

Tulisimama humo humo. Mke wangu alianza kusali kwa Kichewa, lugha anayoitumia akiwa peke yake. Mimi nilikuwa nimeshika bahasha ya kiapo kifuani, sikujua pa kuiweka. Hatujafika amina, mwenye shamba akatokea anakimbia na jembe begani.

"Jamani! Mmekuja kupima? Hapa hapapimwi, hapa pana mwenyewe!"

Wakati ule habari za viwanja zilikuwa zimefika hadi huko, na mtu mwenye bahasha alikuwa mtu wa kuogopwa. Nilimweleza kwamba tumekuja kumsalimia ndugu yangu. Alitazama kushoto na kulia akitafuta ndugu huyo. Nilipomwambia yuko chini, alilishusha jembe, akavua kofia, akasema samahani, yeye alikuwa analima tu, hakuambiwa kuna mtu. Alitupa alizeti mbili kubwa za kurudi nazo nyumbani.

Siku ya usaili mke wangu alivaa gauni la bluu na viatu ambavyo havijazoea mguu. Mimi nilivaa suti ya harusi za watu. Ofisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye miwani aliyoining'iniza kwa mnyororo. Alilifungua lile faili la kijani, akapindua vifuko taratibu, akafika kwenye kadi ya kliniki, akatabasamu.

"Mama, hii nayo ya nini?"

"Nilidhani huenda ikahitajika, afisa."

"Kilo nne na nusu. Ulikuwa na afya."

Alimuuliza maswali manane au tisa, kwa Kiswahili cha kawaida, kama jirani anayetaka kukufahamu. Ngao hakuigusa kabisa. Alimuuliza kwa nini anataka uraia, na mke wangu hakusema habari za kuku. Alisema, "Watoto wangu ni wa hapa, kazi yangu iko hapa, nikifa nitazikwa hapa na wale ninaowaandika kwenye daftari. Nataka na mimi niandikwe."

Ofisa alitikisa kichwa polepole, akaandika. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mzee wangu. Cheti chako sikioni."

Nilikuwa nimeandaa maelezo mafupi, ya kiofisi, yenye aya tatu. Yaliyotoka yalikuwa marefu na hayakuwa na aya. Nilianza na daftari la kanisa, nikarudi kwenye surua, nikaingia kwenye kadi, nikajikuta naeleza mpaka habari ya alizeti. Mke wangu alitoa kiapo cha shangazi kwenye kifuko cha mwisho, akakisogeza mezani. Ofisa alikisoma chote. Alipofika mahali fulani mdomo wake ulicheza, nikajua amefika kwenye kulialia.

"Kwa hiyo," alisema akivua miwani, "mama tunamjua tangu ana kilo nne na nusu. Wa kuchunguzwa hapa ni wewe."

"Ndiyo, afisa."

"Umefanya vizuri kusema. Wengine hunyamaza, halafu mambo huharibika mbele ya safari." Akamwandikia mke wangu karatasi kuonyesha kwamba faili lake limepokelewa na kiapo kimeambatishwa, na mimi akanielekeza nikajiandikishe wilayani kwa tarehe ya kweli, kisha nilipeleke suala hilo kwa mwajiri wangu kwa maandishi.

Niliandika barua hiyo. Kwa kuwa barua zote zinapitia masijala, niliipokea mwenyewe, nikaipiga mhuri, nikaiandikia namba, nikafungua faili langu kwa mara ya kwanza kwa sababu ya kikazi. Jibu lilishuka baada ya wiki tatu, nikalipokea pia: waraka unasimama, tarehe haibadiliki. Mchungaji wangu alikuwa mwepesi zaidi. Alinibatiza siku ya kazi, kanisa likiwa tupu, na akaniomba tusiwaambie wazee wenzangu.

Faili la mke wangu lilichukua muda wake, likarudi limekubaliwa. Siku ya kiapo alisimama wa nne katika mstari wa watu kumi na mmoja, mkono wa kulia juu, na sauti yake niliitambua kati ya zote kwa namna anavyoyakanyaga maneno yenye 'r'. Binti zetu walilia. Jirani yetu fundi, ambaye alikuwa ameomba ruhusa gereji ili aje, alilia kuliko wao.

Cha kwangu kilikuwa bado. Ofisi ya wilaya ilitaka, pamoja na kiapo, mtu mzima raia wa Tanzania anayenifahamu kwa muda mrefu, aje asaini kwamba mimi ni mimi. Shangazi wakati huo alikuwa hawezi tena safari. Nilikwenda na mke wangu. Karani wa dirishani alimuuliza uhusiano, mke wangu akajibu, "Ni mume wangu." Akamuuliza uraia, naye akatoa cheti chake cha kuandikishwa uraia, bado kipya, akakibandika kwenye kioo ili kisomeke vizuri. Karani alikisoma, akanitazama mimi, akakisoma tena. Akampa kalamu.

Alisaini kwa makini, kama anavyosaini kila kitu. Kilichobaki kilikuwa tarehe. Mwaka tuliupata kwa hesabu za shangazi, na mwezi alisema ni ule wa palizi, kwa hiyo tukaandika Februari. Siku hakuijua.

"Jazeni siku," alisema karani. "Mfumo haukubali nafasi tupu."

Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wameanza kuguna. Nilisimama na kalamu. Zamani ungeniuliza siku yangu ya kuzaliwa ningejibu kabla hujamaliza swali.

"Weka nane tu," alisema mke wangu begani kwangu. "Februari nyumbani hakuna mwingine mwenye siku ya kuzaliwa. Tutakupikia wali."

Nikaandika nane.